Kinachogonga Ndani ya Ndege

Mume wangu Salum,

Eda yangu inakaribia kwisha. Sijatoka nje ya nyumba yetu hii ya Mkunazini tangu walipokuchukua, na mchana ni mrefu. Basi nimeliteremsha kabatini lile boksi lako la vipande vya plastiki vya kuundia ndege ndogo ya mabomu ya wakati wa vita, ulilolificha miaka yote ukisema, "Hili la uzeeni, Mwalimu." Uzee ulifika, hukulifungua.

Nimeiunda mimi. Usicheke. Bawa moja limepinda, na zile alama za kubandika ubavuni, za kulowekwa maji kwanza, zimenikatikia vidoleni, kavu kama ganda la kitunguu. Wanajeshi wadogo wa plastiki nimewafanya kama ulivyowafanya wa ndege zako nyingine siku zote kwa amri ya marehemu mama yako, aliyesema malaika hawaingii nyumba yenye masanamu: nimewakata vichwa. "Rubani hana kichwa, ndiyo maana hatufiki popote," ulikuwa ukinitania. Miili nimeikalisha vitini. Vichwa nilivitia ndani ya kibiriti, nikampa Rukia, mtoto wa kaka yangu, akavitupa.

Kisha nikaunganisha pande mbili za kiwiliwili cha ndege. Gundi ilipokauka nikainyanyua, na kitu kikagonga ndani.

Kinagonga hata nisipoishika. Huwa baada ya alfajiri, nimekaa na tasbihi yangu. Taratibu, kama ulivyokuwa ukigonga meza kwa ukucha ukitaka chai. Jana nikasema, "Naam." Kikanyamaza, kama mtu aliyesikia.

Rukia anasema, "Shangazi, kipande cha plastiki tu hicho. Milango ya mabomu tumboni mwa ndege bado i wazi, niachie nikitoe kwa kibano." Nilimkemea mpaka akalia, maskini. Hajui ninalokwambia wewe tu: moyo wangu umechoka, daktari hakunificha. Na mimi, niliyewafundisha watoto wa watu wasiogope giza, naogopa kufa peke yangu. Akitoa kipande cha plastiki humo, ntabaki na nani?

Leo alasiri nimeigandisha ile milango. Gundi imechuruzika hadi chini ya bawa, utanisamehe. Nakuahidi hataifungua mtu, si Rukia, si mimi. Ndege nimeilaza juu ya mto, upande wako wa kitanda.

Kwaheri, Salum. Wewe gonga tu. Siku nisipoitika, jua niko njiani.

Mkeo,
Zuwena