Nyoka wa Banda la Nazi

Kiegeani, Mafia
Jumatano, baada ya alasiri

Dada yangu Asha,

Nyoka aliyekuwa bandani kwa shangazi hakuondoka mwenyewe. Mimi ndiye niliyemtoa. Na mimi ndiye niliyemrudisha ili auawe. Sijamwambia mtu yeyote, wewe ndiye wa kwanza, na naandika haraka kabla sijaona haya nikaichana karatasi.

Shikamoo dada. Nisamehe kwa kuanza hivyo kabla ya salamu. Baba mguu unaendeleaje, anaweza kuswali kwa kusimama au bado anakaa? Mama je, na kifua chake? Mimi mwili ni mzima. Mengine utayasoma.

Barua hii atakuletea shangazi Zainabu mwenyewe. Kesho anapanda chombo cha Nyamisati, halafu basi mpaka huko kwetu Kilosa. Atawaambia anakuja kupumzika. Haji kupumzika, dada. Amerudishwa.

Unajua nililetwa huku nilipomaliza kidato cha nne ili nimsaidie shangazi kazi, kwa kuwa alikuwa na mimba na mimba ilikuwa inamchosha. Haikufika. Ilikuwa ya tatu. Alilala chumbani siku saba, na mimi nilikuwa nafua nguo zake na kuzianika nyuma ya nyumba ili mkwewe, Bibi, asizione.

Huko nyuma ndiko nilikozoea kukaa. Mjomba, ndivyo ninavyomwita mume wa shangazi, aliacha uvuvi tangu hifadhi ya bahari ilipopiga marufuku nyavu za juya, na siku hizi anakausha nazi ziwe mbata. Banda lake limejaa nazi na makumbi, na nilipofika panya walikuwa wengi hadi wanakula sabuni. Baba alitufundisha kwamba penye panya utazame unapoweka mkono. Unakumbuka alivyokuwa akitupanga mstari kule kambini kwenye mkonge, anatuonyesha kwa ncha ya fimbo? Fira huyu, anatanua shingo, mkimbieni. Kifutu huyu, mnene, mvivu, msimkanyage. Huyu mwacheni, hana neno na mtu. Wewe ulikuwa unafumba macho. Mimi nilikuwa naangalia.

Basi hata wa huku niliwatambua. Kwenye mpera yupo ukukwi, mwembamba wa kijani, anawinda mijusi na akimwona mtu anatulia kama kijiti. Kwenye matuta ya mihogo nilifukua kadogo kama mnyoo, kanang'aa, macho hayaonekani, nikakafukia tena. Na bandani alikuwako huyu wa kahawia. Alikuwa na michirizi miwili ya rangi ya maziwa kila upande wa kichwa, mmoja unapita juu ya jicho na mwingine chini yake, na ncha ya mkia wake ilikuwa imekatika. Hana sumu. Panya walipungua mpaka Bibi akamsifu paka wa jirani, nikacheka peke yangu. Nilipokwenda kuchukua makumbi ya kuwashia moto nilikuwa nampigia hodi, naye anasogea. Najua utanicheka. Lakini unavyonijua, miezi yote hii sijapata mtu wa kuzungumza naye hapa.

Bibi alimwona Jumapili moja asubuhi. Hakupiga kelele. Hapa nyoka akionekana nyumbani hauawi papo hapo, kwa sababu huenda ni jini. Anaonywa siku tatu aondoke. Akionekana tena baada ya hapo, basi ni nyoka, anapigwa. Bibi akajifunga kanga yake vizuri, akasimama mlangoni pa banda.

"Ikiwa u katika viumbe wa Mwenyezi Mungu tusiowaona, tumekaa nawe kwa wema, ondoka kwa wema. Leo siku ya kwanza."

Mjomba alikuwa uani anafua nazi. "Mama, nyoka hana masikio."

"Wewe unayo mawili na hunisikii."

Shangazi alicheka. Alikuwa hajacheka tangu ile mimba.

Nilijua akibaki atauawa. Siku ya pili, mchana, wote walipokuwa wamejinyoosha kupumzika, nilimkuta amejikunja chini ya makumbi, nikamshika kama baba anavyoshika, nikamtia kikapuni na kumfunika. Nikampeleka kwenye shamba la zamani ng'ambo ya kisima, penye lundo la makumbi yaliyooza. Nilirudi na furaha. Nilidhani nimemwokoa yeye na nimewaondolea hofu wao.

Siku ya nne Bibi aliwaita wanaume wawili wa jirani wakatoa nazi zote nje. Hawakuona kitu. Mimi nilikuwa nasubiri waseme alhamdulillahi waendelee na kazi zao. Bibi akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi.

"Amesikia," akasema. "Ameambiwa, akaondoka. Basi hakuwa nyoka."

"Si mngemwacha awalindie nazi, Bibi!" akasema mmoja wa wale wanaume. Hakucheka mtu.

"Nyumba hii nimezaa watoto sita. Sikumwona. Kaja na nani?"

Hakutaja jina. Lakini kila mtu pale alijua ni nani aliyetoka bara, na mimba za nani hazikai.

Shangazi alikuwa anapepeta mchele. Alimwaga wote kwenye sufuria, akaendelea kupepeta ungo mtupu. Baadaye jikoni akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwajuma, kwetu kuna kitu kama hicho? Baba yako amewahi kukutajia?"

Nilifungua mdomo, dada. Wallahi nilifungua. Nikasema, "Sijui, shangazi."

Nilijiambia kwamba nikisema nimemshika nyoka kwa mkono, watasema mimi ndiye mwenye jini, na shangazi ndiye aliyenileta, kwa hiyo itakuwa yale yale. Lakini si hivyo. Niliogopa kutazamwa, kama nilivyokuwa naogopa kuitwa ubaoni.

Tangu hapo nyumba ikabadilika. Shangazi akawa ananyweshwa kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa sahanini, asubuhi na jioni. Bibi hakutaka tena apike. Mjomba akahamishia mkeka wake ukumbini. Na shangazi mwenyewe akaanza kuamini. Nilimsikia akiongea na tumbo lake, anamwomba yule jini aliyemo atoke. Hakuna kitu tumboni mwake, dada. Ndiyo maana nilifanya niliyofanya.

Niliwaza, nyoka yule yule akionekana, akauawa, mwili wake ukalala pale juani watu wote wakauona, watajua alikuwa nyoka tu tangu mwanzo. Nikaenda shamba la zamani. Nilimkuta pale pale, ameshiba, tumbo limetuna. Hakukimbia. Nilipoweka mkono alipanda mwenyewe, akajizungusha kwenye kifundo cha mkono, nadhani kwa ajili ya joto. Nilikuwa na kikapu lakini sikuweza kumtia. Nilitembea naye njia nzima nimemfunika kwa kanga, na hakunibana hata kidogo.

Nikamweka mlangoni pa banda. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikapiga kelele, "Nyoka!" Hawajawahi kusikia sauti yangu ikiwa kubwa vile. Mjomba alikuja mbio bila viatu, akampiga kwa mpini wa jembe. Mara tatu.

Bibi alikuja, akamgeuza kwa kijiti, akamwinamia karibu sana kwa sababu macho yake si mazuri.

"Huyu si yule."

"Mama, ndiye. Rangi ile ile." Mjomba alisema hivyo kama anaomba.

"Yule aliambiwa akaondoka. Huyu ni nyoka tu."

Mimi nilikuwa nautazama mkia wake uliokatika. Shangazi hakumtazama nyoka, alinitazama mimi, kama anangoja niseme neno. Nikaambiwa nikamfukie. Nikamfukia kwenye matuta ya mihogo.

Jana mjomba alimfungia shangazi begi lake. Alikunja kila vazi taratibu, na ile kanga ya harusi akaiweka juu ili isikunjamane. Nadhani anampenda. Lakini hakusema kitu, na mimi sikusema kitu. Nimeambiwa nibaki, kwa kuwa Bibi anahitaji mtu wa kumwongoza na kumchotea maji. Panya wamerudi. Leo asubuhi wametoboa gunia la mchele, na Bibi amemlaumu yule paka.

Msalimie sana mama. Mwambie mdogo wetu Hamisi asichane madaftari yangu kutengenezea tiara. Nisalimie jirani yetu fundi cherehani aliyenishonea gauni la safari, mwambie bado linanitosha. Baba mpe shikamoo yangu, ila haya usimwambie. Ataniuliza ni nyoka wa aina gani, na itabidi nimjibu.

Leo nimemfuata shangazi mara tatu ili nimwambie. Mara ya kwanza alikuwa anaswali. Mara mbili nyingine hakuwa anafanya kitu, alikuwa amekaa tu, na bado sikuweza. Siku moja nitamwambia mwenyewe. Sasa hivi yuko mlangoni anangoja nimalize ili aitie barua mkobani. Hakujaliwa kusoma. Ameniuliza, "Mbona ndefu hivyo?" Nimemjibu ni salamu.

Huenda unaisoma naye amekaa mbele yako anakunywa maji, na atakuuliza vile vile. Nakuomba dada yangu, mwambie ni salamu tu.

Mdogo wako,
Mwajuma