Vidonge vya Shemeji na Kiatu Kilichobana

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla sijaanza naomba usicheke, kwa sababu kila nikijaribu kulipanga jambo hili kichwani mimi mwenyewe nafika mahali nacheka, halafu najisikia vibaya, halafu nameza kidonge, na hicho kidonge ndicho ninachotaka kukuuliza.

Mimi ni mwalimu wa udereva, mwaka wa kumi na nne sasa. Gari letu la mafunzo lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja upande wangu, na zimeunganishwa kwa chuma kimoja, yaani mwanafunzi akikanyaga yake na yangu inashuka, nikikanyaga yangu na yake inashuka, hilo lishike maana nitalirudia. Miezi minne iliyopita nilikuwa namfundisha shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, ambaye ni mkunga, mwanamke aliyepokea watoto mia na mia bila mkono kutikisika, na alikuwa anaendesha vizuri tu, tukawa tunateremka kamteremko kadogo kuelekea sokoni, tukafika kwenye kona, gari likakataa kupunguza mwendo, tukaingia dukani. Lilikuwa duka la magodoro. Najua, ndiyo maana nilikuomba usicheke.

Sisi hatukuumia, magodoro yalitumeza mpaka kwenye vioo, lakini muuzaji alikuwa amekaa pale mlangoni sekunde chache kabla na sasa haonekani, na kwa dakika kama tatu hivi mimi na shemeji tuliamini kabisa yuko chini ya matairi, shemeji kapiga magoti anachana nailoni za magodoro kwa kucha anaita "baba, itika, baba, itika," mpaka yule bwana akatokea uani na kikombe cha chai mkononi akatuuliza kwa upole kama tunataka la inchi sita au la nane. Mtaa mzima ulicheka. Shemeji hakucheka, na tangu siku ile akisikia mtu anachana nailoni, hata ya mkate, anasimama katikati ya chumba na mikono inamtetemeka, na mkunga anayetetemeka mikono sina haja ya kukueleza.

Mimi nami kazi ikanishinda. Nikawa nakanyaga breki nikiona kuku ng'ambo ya barabara, nakanyaga breki gari likiwa limezimwa, wanafunzi wakaanza kuniita Mwalimu wa Breki, na jina hilo nalitumia hapa kwa sababu limeshazoeleka.

Basi daktari akampa shemeji vidonge, vile vya kuzuia moyo usikimbie, wanavyopewa pia wenye presha, jina lake refu linaanza na propra na mengine siyawezi. Alimwambia ameze kimoja kabla ya kikao cha kila wiki, kikishafanya kazi asimulie ile ajali yote mwanzo mpaka mwisho, kwamba ukikumbuka jambo huku moyo umetulia, kidogo kidogo lile jambo linapungua makali, halikutoki kichwani ila linaacha kukukaba. Akampa na vichache vya akiba. Sasa shemeji kwa huruma yake akaniangalia ninavyohangaika akasema, "Shemeji, na wewe ulikuwemo, chukua," akanipa vya akiba. Vilipokwisha nikaenda duka la dawa nikasema ni vya mama mkwe, ana presha, na sasa nameza kila asubuhi kabla ya kazi. Mshauri, vinafanya kazi. Mkono hautetemeki, kuku wanavuka, wanafunzi wangu wanafaulu kuliko mwaka wowote, bosi anasema nimekomaa.

Tatizo ni Jumamosi. Siku hiyo shemeji huja kwetu kufanya mazoezi ya kusimulia, ameiandika ajali kwenye daftari, tunakaa meza ya jikoni, anameza chake, nameza changu, baada ya saa moja hivi ananisomea, na kila mara akifika palepale anasoma, "Nikakanyaga mafuta nikidhani ni breki," na mimi natikisa kichwa kama mtu anayekubali. Jumamosi iliyopita alifunga daftari, akanishika mkono, akasema, "Nisamehe, shemeji, ningekuua." Nikatokwa na jasho ingawa nilikuwa nimemeza kidonge. Kisha akamwambia mke wangu kwamba ile kazi mpya, ya kuwazungukia wazazi majumbani, gari la hospitali wanampa, wanachotaka ni leseni tu kabla mwezi haujaisha, ataikataa. Alisema, "Huu mguu wangu hauna akili, nitaua mtu." Ile kazi ameisubiri miaka sita.

Na hapa ndipo lilipo lenyewe, nalisema mara moja nisije nikaghairi. Siku ile sikuwa nimevaa viatu. Mke wangu alininunulia viatu vipya vizuri sana, namba arobaini na moja, mimi navaa arobaini na mbili, sikutaka kumvunja moyo nikasema vimenikaa sawasawa, nikawa navivua nikishaingia kwenye gari. Kwenye ule mteremko kiatu kimoja kiliteleza kikaingia chini ya breki yangu, na breki yangu ikikwama na yake imekwama. Shemeji alikanyaga breki, mshauri. Nilimwona akiikanyaga kwa nguvu zake zote na haishuki. Wakati watu wanafukua magodoro mimi niliinama nikakichomoa kiatu, kimekunjamana, nikakivaa hivyohivyo nikatoka nachechemea, watu wakasema masikini mwalimu kaumia mguu, wakanipisha. Shemeji akawa wa kwanza kusema lazima alikanyaga mafuta, nami nikanyamaza, na kunyamaza kukanoga.

Swali langu ni hili. Kidonge kimoja hakinitoshi tena siku za Jumamosi, nimejaribu viwili, je naweza kumeza vitatu, au kuna aina nyingine yenye nguvu zaidi kwa mambo ya namna hii? Kifua kinanibana kidogo nikipanda ngazi lakini hiyo ni pumu yangu ya tangu utotoni, haihusiani. Tafadhali ficha jina langu.

Mwalimu wa Breki

*

Mwalimu wa Breki,

Nimecheka. Uliponiomba nisicheke ulijua nitacheka, kwa hiyo angalau sisi wawili tusidanganyane. Nilicheka kwenye magodoro, nikacheka kwenye inchi sita na nane, na uliponiambia ulitoka unachechemea ilibidi niweke kalamu chini. Nilipofika kwenye ule mstari wa daftari nikaacha.

Tuanze na kifua, kwa sababu kikikuzidi sitapata wa kumgombeza. Hilo unalosema halihusiani linahusiana kuliko yote uliyoandika. Mimi si daktari, ila nina daktari ninayemsumbua, na nilipomsomea barua yako aliniuliza mara mbili kama ulisema pumu. Vidonge hivyo vinaweza kumbana pumzi mwenye pumu mpaka akakosa hewa. Ndiyo maana Jumatatu nilikupigia simu, kwa namba uliyoandika nyuma ya bahasha, nikakwambia uende hospitali siku hiyohiyo na pakiti mkononi, umweleze daktari unameza vingapi na tangu lini, akuelekeze namna ya kuacha, maana moyo uliozoea kushikwa kila siku hauachiwi ghafla. Uliniambia utakwenda "wiki hii." Leo ni Ijumaa. Kama hujaenda, kunja gazeti uende, utamalizia kusoma kwenye foleni. Na mpaka daktari aseme sawa, usikae kwenye gari na mwanafunzi wa mtu.

Vitatu hapana. Chenye nguvu zaidi hapana. Na mama mkwe wako umemtia presha bila kumuuliza, jambo ambalo nina hakika hajalipenda popote alipo.

Sasa nikwambie kitu kimoja kuhusu hivyo vidonge, kwa sababu sitaki msomaji mwingine adhani navisema vibaya. Kwa shemeji yako vilitolewa kwa haki. Mtu aliyeshtuka vile, anayeganda kwa sauti ya nailoni ya mkate, akipata daktari wa kumpimia dawa na mtu wa kumsikiliza, anaweza kupata nafuu kubwa, na wala asione aibu, aende tu hospitali. Kidonge kinashusha mapigo, kinatuliza mkono, basi. Hakijui nani alifanya nini. Wewe ulitaka kikufanyie kazi ambayo haikuandikwa kwenye pakiti, ukae mezani uangaliwe machoni na mtu unayemdhulumu na uso wako usibadilike. Na kikakufanyia kwa miezi, kwa sababu ni dawa nzuri. Lile jasho la Jumamosi usilitafutie tiba, ndicho kitu pekee chenye afya kwenye barua yako.

Hebu mtazame yule mama. Kila wiki anameza dawa, anakaa chini, anajifundisha kwa bidii kutoogopa kosa ambalo hakulifanya. Daktari wake anatibu ajali nyingine kabisa. Anaweza kusoma daftari lile mpaka karatasi zichakae na bado mguu wake hatauamini, kwa sababu kila Jumamosi anausomea mashtaka, na shahidi pekee ameketi mbele yake anatikisa kichwa. Halafu anamwomba shahidi msamaha. Na alipokuona unateseka akakugawia dawa yake. Nimekasirika, mwalimu, nakuambia wazi.

Ila nimegundua pia ugonjwa wako, na si wa moyo. Ungemwambia mke wako maneno mawili tu, "viatu vinanibana," yule bwana angekunywa chai yake mlangoni kwa raha zake. Hukusema, ukavua. Ulipovua kikateleza, hukusema, ukavaa. Ulipovaa ukachechemea, hukusema, ukapishwa njia. Nakuona si mtu mbaya, ni mtu asiyependa kumkera yeyote, na watu wa aina yako huwa mnaingiza magari kwenye maduka.

Kesho ni Jumamosi. Shemeji atakuja na daftari lake. Usikae naye jikoni. Kama umeshaambiwa usiendeshe, mwombe mwalimu mwenzako awaletee gari la mafunzo mlangoni na aondoke. Mkalishe shemeji kiti cha dereva, wewe kiti chako, gari liwe limewashwa, halina gia, breki ya mkono imevutwa. Vaa viatu vile vya arobaini na moja, najua bado unavyo kwa sababu mtu kama wewe hawezi kuvitupa. Vua kile kimoja. Kiweke palepale kilipokuwa siku ile. Kisha mwambie akanyage breki.

Usimweleze chochote kwanza. Amesikia maneno ya kutosha. Acha mguu wake wenyewe uisikie ile pedali ikigoma, ataikumbuka, mguu hausahau kitu kama hicho. Kitoe kiatu, mpe akishike, mwambie akanyage tena. Hapo ndipo useme, na useme kwa sentensi fupi: ulikanyaga breki, mimi ndiye niliyeizuia, nilijua tangu siku ile. Usiongeze "lakini."

Atakachokufanya sijui. Anaweza kulia, anaweza kukupiga na daftari, anaweza kushuka akaenda zake bila neno. Chochote kitakachokuja kipokee ukiwa umekaa. Moyo wako utadunda kama ngoma, uache udunde, una sababu. Kisha Jumatatu uandamane naye kwa daktari wake, kama atakukubalia, umsimulie mwenyewe, ili tiba ianze kwenye ajali iliyotokea kweli. Na uende pia kwa bosi wako na kwa muuza magodoro, ukaseme hayohayo.

Mtihani wake ufanyike kabla ya mwisho wa mwezi, na afundishwe na mwalimu mwingine. Nadhani atafaulu. Mwanamke aliyekanyaga breki kwa nguvu zake zote bila kuiachia mpaka mwisho ana mguu wenye akili sana.

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Ila maduka ya magodoro yaliyoingiliwa na gari la mafunzo si mengi, na wakunga husoma gazeti wakisubiri zamu, kwa hiyo nisingechelewa ningekuwa wewe.

Ukishamaliza kusema utajikuta umekaa pale mguu mmoja peku na kiatu kiko mikononi mwake. Usikidai. Akitaka atakurudishia. Asipotaka, ingia nyumbani hivyohivyo, na mke wako akikuuliza kiatu kingine kiko wapi, utakuwa umepata pa kuanzia.

Mshauri