Sonata Isiyoenea Mkononi

Jumatatu, 4 Machi
Wifi kaja kumfundisha binti yangu piano. Kaleta kitabu kipya — sonata ya kishindo, kurasa kumi na nne. Ndiyo ya usaili wa shule ya muziki, eti. Na ile ya kurasa nne aliyokwisha kuizoea? Ya watoto hiyo, akasema. Binti ana miaka tisa!
"Wifi, wewe andika habari zako. Piano niachie mimi."
Nimemwachia. Kwa leo.

Alhamisi, 7 Machi
Nimechukua rula. Mkono wa kushoto, gumba hadi kidole cha mwisho, umetanuliwa mpaka mtoto akaguna: sentimita kumi na tano. Oktava moja kwenye piano yetu, yaani kibonyezo cha kwanza hadi cha nane kwa mkono mmoja: kumi na sita na nusu. Oktava katika sonata ya wifi: mara sitini na tatu. Katika ile fupi: hakuna.
Nikamsomea wifi hesabu. Akacheka. Nimegeuka fundi cherehani, napima watu! Vidole vitakua, akasema.
Kwa siku tisa?

Jumamosi, 9 Machi
Nilificha kinasa sauti cha kazini juu ya kabati wakati wa somo. Sijutii. Mara kumi na moja: "Shangazi, mkono unauma." Mara kumi na moja: "Rudia."
Mwishoni wifi anamwambia, polepole, kwamba yeye alikataliwa shule ileile. Alipiga kitu chepesi.
Hilo sikulijua. Halipunguzi hata sentimita.

Jumatatu, 11 Machi
Nimepiga simu shuleni. Katibu: sonata yoyote inakubalika, mtoto mwenyewe ataitaja akishakaa kwenye piano.
Nimemwambia mume wangu. Akainua mikono: ugomvi wa mawifi, yeye hamo. Dada yake, binti yake — hamo!

Jumamosi, 16 Machi
Siku ya usaili, ukumbini. Naandika gotini. Wifi kaacha kiti kimoja kati yetu, kaweka mkoba wake. Salamu hakuna.
Vitabu vyote viwili viko mbele ya mtoto. Msaili kauliza: utapiga ipi?
Wifi kakohoa. Kikohozi gani hicho! Nimemkanyaga kwa macho.
Mtoto kaweka mkono wa kushoto kwenye vibonyezo, bila kubonyeza. Kautanua. Kidole cha mwisho kimeishia palepale, kabla ya kibonyezo cha nane.
Hanitazami mimi. Anamtazama shangazi yake, mkono bado umetanuliwa.
Msaili karudia swali.
Wifi amevua miwani, kamwonyesha kwa kidevu kitabu cha ile fupi.