Mashine ya povu chini ya tangi

Shoga, nimejifungia stoo nacheka mpaka mbavu zinauma. Bosi kaumbuka!

Unalijua lile tangi lake la maji ya chumvi hapa kliniki ya meno, na kiburi chake: "Samaki watupu, bila matumbawe, hawahitaji mashine ya povu ya kutoa uchafu. Nabadilisha maji, basi." ANABADILISHA nani? Mimi! Ndoo nne kila Ijumaa, na mgongo huu!

Basi mwezi uliopita nikaazima mashine kwa fundi wa matangi, yule anayebishana na bosi kila siku kwamba ainunue, tukaificha kabatini chini ya tangi. Ndoo nikazipunguza, ikawa moja. Maji kama kioo! Naye akavimba kichwa.

Leo kamwita fundi huyohuyo amkomeshe mbele ya wagonjwa. "Maji hayo hapo! Mashine iko wapi?" Akafungua kabati kwa mbwembwe. Shoga, AKAFUNGUA KABATI!

Akachomoa kikombe cha uchafu cha ile mashine, kimejaa maji meusi tii. Akanitolea macho: "Chai yako inafanya nini humu?" Akanusa. AKANUSA, shoga! Machozi yakamtoka.

Fundi, taratibu kabisa: "Daktari, hiyo si chai. Ni mavi ya samaki wako." Mgonjwa mmoja, mdomo umejaa ganzi, akacheka mpaka udenda ukamchuruzika.

Nikajua kazi sina.

Bosi akajikohoza. "Nilikuwa nakupima tu, fundi. Mashine nimeiweka mwenyewe."

Kisha akaniinamia sikioni: "Kikombe hiki kinamwagwa wapi?"