Amri ya Kunyamazisha

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo nyumbani. U hali gani? Unakula? Mama ameniambia tangu usimamishwe kazi hospitalini unashinda chumbani, mapazia umeyashusha. Mimi mwili hauna ugonjwa.

Jumatatu, hapa kiwandani tunakounda mashine za dripu, mwenzangu alisahau alama moja katika programu. Kompaila, yaani ile inayogeuza maandishi yetu yaeleweke na mashine, ikamkatalia. Lakini chini ya kosa lake ikaongeza kwamba kuna amri ya kunyamazisha onyo, yaani tahadhari isiyozuia kazi, ambayo haiitambui. Fundi mkuu akauliza mbona miezi minane yote haikusema. Mwenzangu akamweleza kwamba ndivyo ilivyo: ukiiamuru inyamazie onyo isilolijua, inapita kimya kana kwamba hukusema kitu, mpaka pawe na kasoro nyingine ndipo ikutajie. Fundi mkuu akatutazama mmoja mmoja.

“Nani aliiweka hii, na alikuwa anaficha nini?”

Dada, sikuinua mkono. Niliinamia kibodi kama sikusikia.

Walipokwenda kula nilibaki. Kompyuta yangu ina kompaila mpya kuliko ile ya kiwanda, inayolijua onyo hilo. Nikaifuta amri, na onyo likatokea palepale: namba inayopelekwa kwenye mota haienei katika nafasi iliyotengewa, ambayo mwisho wake ni mia mbili hamsini na tano; ikizidi hapo, inaanza kuhesabu upya kutoka sifuri. Nikachukua mashine ya majaribio, nikaiwekea mililita mia mbili hamsini kwa saa, ikaenda sawa. Nikaweka mia mbili sitini. Kioo kiliandika mia mbili sitini, lakini mrija ukatoa nne. Nne, dada! Nilirudia mara tatu, ikatoa nne zilezile.

Mia mbili sitini ndiyo namba uliyoapa mbele ya kamati ya hospitali kwamba ulimwekea kwenye mashine yetu yule mzee wa kitanda cha sita aliyezimia. Wakasema ulichoka, ukabonyeza vibaya. Hata mimi nilikwambia kwa simu kwamba labda kweli ulikosea.

Hukukosea. Amri ile niliiweka mimi. Onyo lilikuwa likinikera kila siku kwenye kompyuta yangu, nikalinyamazisha bila kulisoma vizuri ili nimalize kazi. Na kompaila ya kiwanda, kwa uzee wake, haikumwambia mtu.

Baya zaidi, siku mbili nilikaa nalo rohoni, na siku hizo mbili mashine ziliendelea kutumika wodini. Kila simu ilipolia nilidhani kuna mtu amekufa.

Leo asubuhi nimemweleza fundi mkuu yote. Hakunifokea, na hilo ndilo limenitisha. Alipigia hospitali zote simu waziweke mashine kando, kisha akasaini barua ya kukusafisha. Nakala imo humu ndani ya bahasha. Kesho ni zamu yangu mbele ya kamati. Naiogopa, lakini wewe nakuogopa zaidi.

Nisalimie Mama. Mweleze wewe, mimi sina uso. Ukinijibu hata kwa kunitukana, nitashukuru.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekuacha ubebe kosa langu.