Udongo wa Mama Haukufa

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili alasiri

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Pole kwa msiba wetu, na pole zaidi kwa kuulilia ugenini, mbali nasi. Sisi huku miili ni mizima, mioyo ndiyo bado inajikokota. Wifi amepona kikohozi? Na wewe, unakula? Najua ukiwa na huzuni unasahau hata chakula.

Uliniuliza kwenye simu Mama alimalizaje siku zake. Sikuweza kujibu kwa kilio. Acha nikuandikie.

Msimu baada ya msimu nyanya zake zilinyauka zikiwa na maua. Mwisho akakata tamaa, akamruhusu mfyatua matofali achimbe shamba lote. "Udongo umekufa," aliniambia. "Bora uwe ukuta wa mtu."

Neno hilo lilinichoma. Nikamwomba msimu mmoja tu. Akakubali shingo upande, na mfyatua matofali naye akasubiri.

Pembeni mwa shamba miche michache ilikuwa bado imesimama. Nikachukua udongo wa mizizini nikaupeleka kazini, maabara. Kwenye visahani zikaota kuvu za kila rangi, nyingi hazikufaa kitu. Lakini moja ya kijani, nilipoiweka sahani moja na kuvu ile ya ugonjwa inayonyausha nyanya, iliitambalia mpaka ikaifunika. Mkuu wangu aliitazama kwa hadubini, akathibitisha kuwa ni rafiki wa mizizi. Akanionya nisimwahidi Mama lolote kabla shamba lenyewe halijasema.

Tuliikuza kwenye pumba zilizochemshwa, tukaichanganya na samadi iliyooza, tukatia kwenye mashimo ya miche. Tuta moja tuliliacha hivi hivi ili tulinganishe. Hilo lilinyauka lote. Mengine yalisimama, japo si kila mche.

Wakati huo daktari alikwishatuambia moyo wa Mama umechoka. Hata hivyo kila asubuhi alipita matutani na mkongojo wake, akigusa majani.

Siku ya kuchuma alijaza kikapu, akakataa nimpokee. Alikipeleka mwenyewe kwa mfyatua matofali.

"Nisamehe, baba," alimwambia. "Udongo wangu haukufa, uliugua tu. Siwezi kukupa tena."

Yule bwana alikipokea kwa mikono miwili, akamsindikiza mpaka mlangoni kwetu.

Wiki ile ile Mama alilala, hakuamka. Kaka, ametutoka akiwa mkulima.

Shangazi na mjomba fundi cherehani wanakusalimu sana. Wabusu wanangu. Mungu akupe subira, akulete salama tusimame pamoja kaburini kwake.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba