Hisa za Meli Zimepanda

Geita, Jumapili

Mama Loveness,

Mimi ni mzima, na huku mvua imeanza. Natumaini hapo Tinde kwa baba yako mmeshapanda mahindi.

Zile hisa za kampuni ya kuhudumia meli, nilizonunua kwa kuuza ng'ombe wako bila kukuuliza, zimepanda. Juzi zilipita bei niliyonunulia. Miaka mitatu mimi na Mzee Masalu, aliyenunua pamoja nami, tulizitazama kwenye simu kila asubuhi mgahawani huku watu wakitucheka. "Vumilia, Baba Loveness," alikuwa akiniambia, "meli hazikosi kazi." Tulimzika mwezi uliopita, bei ikiwa bado chini.

Basi juzi nilishangilia peke yangu. Mhudumu akaniuliza, "Umepata dhahabu?" Nikamwambia ni hisa. Akaenda kumimina chai. Nikatafuta mtu wa kumpigia, nikaona ni wewe tu, na simu zangu hupokei.

Sijaziuza. Nikiziuza, asubuhi sitakuwa na cha kuamkia.

Hata zisingepanda, nilikukosea. Ukiniruhusu, nitakuja kulisema hilo mbele ya baba yako.

Mumeo, kama bado unaniita hivyo,
Deusdedit